Mkono wa Kathambi

Nyanya yangu Ciakuthii hakuogopa ndovu. Waliposhuka kutoka msituni kuja kula mahindi yetu Ruiri, yeye ndiye aliyetangulia mbele akigonga debe, na babu nyuma yake akimsihi arudi. Hakuogopa wezi wa ng'ombe wala chifu. Alichoogopa duniani ni mkono wa mama yangu.

Mama yangu ni Kathambi, kifungua mimba wake. Nyanya hakula chakula alichopika Kathambi, hakunywa chai aliyoimimina, hakutafuna hata ndizi aliyoimenya. Sisi wajukuu tulikua tukiona hivyo, tukadhani ni chuki. Mama naye alidhani ni chuki, na yeye ndiye aliyeumia. Kumbe ilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na chanzo, na chanzo chenyewe nilikuja kukisikia nikiwa mtu mzima, mwalimu mjini Embu, mwenye watoto wangu. Nitakieleza sasa hivi ili usihangaike njiani.

Ciakuthii alizaliwa Mbeere, upande wa Ishiara, huko chini Embu kwenye joto na miiba. Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Wambura, aliwalea yeye na mdogo wake Ciarunji kwa mtama, kunde na mbuzi. Msimu wa mtama kazi ya Ciakuthii ilikuwa kufukuza ndege. Alisimama juu ya kichanja tangu umande haujakauka, kombeo mkononi, akipiga kelele mpaka koo linauma. Ile sauti yake nene, ambayo baadaye ilitisha wakwe na ndovu, alisema aliipatia huko.

Miaka michache baada ya uhuru barabara ilikuwa inatengenezwa karibu na kwao, na miongoni mwa vibarua alikuwemo kijana Mmeru kutoka Ruiri, jina lake Mithika, mrefu, mwenye maneno mengi. Wakapendana. Shida ni kwamba Wambura alikuwa ameshazungumza na jirani yao, mzee Ngari, kuhusu kijana wake, na asali ya posa ilikuwa imeshapokelewa. Ciakuthii hakubishana na mama yake. Alifunga nguo zake mbili tatu katika leso, akaenda kusubiri lori barabarani pamoja na Mithika.

Wambura alimkuta hapo. Hakuja na fimbo. Alikuja na kibuyu cha uji, akamwomba anywe kwanza, halafu warudi nyumbani wazungumze. Hapo ndipo Ciakuthii alipokosea. Alikuwa amesikia wasichana wenzake wakisema kwamba mama anaweza kutia kitu katika uji, binti akishakunywa, miguu ikawa mizito asiweze kuondoka nyumbani milele. Aliogopa. Akakisukuma kile kibuyu, uji ukamwagika mchangani mbele ya vibarua wote.

Kwetu, Meru na Embu, mzazi akifedheheshwa namna hiyo watu husogea kando. Hawaogopi kipigo, wanaogopa neno. Neno la mzazi aliyeumizwa huitwa kirumi, na likishatoka haliondolewi na mganga wala mchungaji, ila na kinywa kilekile kilicholitoa. Wambura aliutazama uji pale chini, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Umekataa cha mkono wangu. Basi na wewe usile cha mkono wa mtoto wako wa kwanza. Siku utakayokula, utamzika."

Lori likafika, na Ciakuthii akapanda.

Ruiri ilimpokea kwa baridi. Upepo wa mlimani ulimkausha midomo, na mama mkwe wake alimcheka kwa namna alivyosema Kimeru. Lakini alikuwa mtu wa shamba, na shamba halina kabila. Alilima mahindi, viazi na maharagwe, akakamua ng'ombe wa Mithika kwa ustadi kiasi kwamba mama mkwe alinyamaza mwenyewe. Alipopata mimba, wanawake wa pale walifurahi. Mtoto alipozaliwa, msichana, wakapiga vigelegele, na mzazi akalia kwa kwikwi. Walidhani ni uchungu haujaisha.

Mtoto mchanga hapiki, kwa hiyo alijipa moyo kwa muda. Siku moja Kathambi, bado anatambaa, aliokota kipande cha kiazi, akakiramba, akaunyosha mkono kumlisha mama yake mdomoni, kama wafanyavyo watoto wote. Ciakuthii aliruka kama aliyekanyaga nyoka. Kiazi kikaanguka, mtoto akaangua kilio, na mama mkwe akauliza kuna nini. Alijibu kwamba jino linamuuma.

Hakumwambia mtu, hata Mithika. Watu husema kirumi ukikitaja mbele ya yule kinayemtafuta, unakionyesha njia. Basi akafunga mdomo mara mbili, asile wala asiseme. Mimi kimya hicho ndicho kinachonikasirisha mpaka leo. Kama angemwambia mtoto, wangeogopa wawili. Badala yake mmoja aliogopa, na mwingine akajiona takataka.

Mama alinisimulia siku ya ugali wake wa kwanza. Alikuwa ameingia shule juzijuzi tu, Ciakuthii yuko shambani, na yeye akaamua kumshangaza. Akawasha moto, akasonga, akaungua vidole, akaufunika kwa sinia. Mama yake aliporudi na jembe begani, alilitazama lile sinia, akauliza ni nani aliyepika. Alipojibiwa, alitoka na ugali nje, akaumwaga mbele ya mbwa. Kisha akaingia ndani, akachukua samli, akampaka mtoto vidole vilivyoungua, kwa upole kabisa, kimoja baada ya kingine. Mama alisema kilichomchanganya zaidi ni ile samli.

Hivyo ndivyo nyanya alivyompenda Kathambi, kwa upande mmoja tu. Alitoa, hakupokea. Alimpa maziwa ya kwanza, akamnunulia viatu wakati wenzake wakienda peku. Lakini Kathambi akishika mwiko, nyanya ana tumbo, nyanya amefunga kwa ajili ya maombi, nyanya ameshakula kwa jirani. Alipozaliwa Makandi, binti wa pili, alimfundisha kupika kabla hajajua hata kuchana nywele. Tangu hapo Makandi ndiye aliyekuwa jiko la nyumba ile, na Kathambi akapelekwa kwenye kuni, maji na ng'ombe.

Kanisani nyanya alikuwa mama wa mbele, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Mchungaji akihubiri kwamba damu ya Yesu imevunja laana zote, yeye ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu alirudi nyumbani akala cha Makandi.

Ule mwaka wa njaa kubwa, themanini na nne, alisikia kwamba Wambura amepofuka na hana siku nyingi. Akachukua asali na unga, akamuaga Mithika, akashuka Mbeere. Alikuwa hajaikanyaga ardhi ile tangu siku ya lori.

Alimkuta mama yake ameketi juani, amekonda, akili inakuja na kwenda. Wambura alimpapasa uso, akatabasamu, akamwita Ciarunji. Ciarunji, yule mdogo aliyekubali kuolewa alipoozwa. Nyanya akafungua kinywa amsahihishe, akakifunga. Alihofia kwamba akijitaja jina, mama yake atakumbuka uji, na badala ya baraka atapata laana ya pili. Akapiga magoti kimya. Wambura akaionja asali, akamtemea kifuani kama mzazi anavyombariki mtoto, akasema: "Ciarunji wangu, ule cha watoto wako wote, ushibe."

Wambura alikufa kabla mvua haijarudi, na kinywa kile kikafungwa.

Nyanya aliishi na swali hilo miaka yote iliyofuata. Mate yalimpata yeye, jina lilikuwa la mwingine. Baraka hufuata mate au hufuata jina? Aliwahi kumuuliza mzee mmoja kwa kuzunguka, kana kwamba anauliza habari za watu wa mbali, naye akamjibu kwamba inategemea. Mimi jibu hilo ningelitupa. Yeye alilibeba. Na kwa kuwa hakujua, hakuthubutu kujaribu. Ungejaribuje, iwapo kukosea kwako ni jeneza la mtoto wako?

Mama akaolewa Muthara na baba yangu, Mutembei, mtu mpole aliyeuza maharagwe sokoni. Nyanya alitutembelea kila msimu wa mavuno, amebeba viazi na maziwa, na ndani ya kikapu chake mwenyewe alikuwa na chupa ya chai na viazi alivyochemsha Makandi. Aliketi katika sebule yetu akila vya kikapu, na nyama aliyochinjiwa inapoa mbele yake. Wewe fikiria jambo hilo lilivyoonekana machoni pa majirani. Mama mzazi hali kwa bintiye. Anajua nini? Minong'ono ikaanza kwamba Kathambi ana mkono mbaya, kwamba huenda anaweka vitu. Wanawake wa chama cha akiba walipokuja kwetu walisema wameshiba, wote, kila mara. Mama alirudisha sufuria jikoni zikiwa zimejaa, akatulisha sisi watoto mpaka tukavimbiwa. Sikuwahi kumwona akilia. Alikuwa akisugua sufuria tu, muda mrefu, hata iliyokwisha kung'aa.

Miaka ikaenda. Babu Mithika akafa, baba naye akafa. Kisha Makandi, ambaye hakuolewa na aliyempikia nyanya maisha yake yote, alianguka sokoni Ruiri akinunua vitunguu. Presha, walisema. Alifika hospitali akiwa ameshakata roho. Tulimzika nyuma ya zizi, na baada ya mazishi nyanya, mwenye miaka inayokaribia themanini, aliteleza uani akavunjika nyonga. Akawa mtu wa kitandani.

Mama hakungoja kuitwa. Alifunga nyumba yake Muthara, akaja Ruiri kumtunza mama yake. Na nyanya akaacha kula.

Nilipokuwapo likizo ya Aprili nilipika mimi, naye akala, ila kila sahani aliuliza ni nani aliyesonga, ni nani aliyepakua, ni nani aliyechuma hizo mboga. Shule zilipofunguliwa nilirudi Embu, nikaajiri msichana wa kupika. Mama akamfukuza. Hawezi, alisema, kumwona mgeni akimlisha mama yake na yeye yuko hapo na mikono yake miwili mizima. Nyanya akabaki na ndizi, ambazo aliomba apewe na maganda yake azimenye mwenyewe, na maji. Kisha hata kumenya kukamshinda. Mama alinipigia simu Jumatano, nikiwa katika chumba cha walimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa.

"Mukiri, njoo umlishe nyanyako. Kwangu ameamua afe."

Niliomba ruhusa, nikafika kesho yake. Nyanya alikuwa amebaki mifupa na macho. Mama alikuwa nje akikata nyasi za ng'ombe, hakugeuka kunisalimu. Niliingia chumbani na hasira zangu zote. Nilimwambia Cucu, kama tulivyomwita, kwamba Kathambi ni mama yangu, na kwamba akifa hivi atakuwa amemtangazia kila mtu Meru kwamba binti yake ni mchawi. Nilimuuliza mama yangu amemkosea nini.

Aliniashiria nisogee karibu. Kisha akaniambia yote niliyokueleza, uji, lori, kiazi, asali ya Mbeere. Alisema kwa kunong'ona, macho mlangoni, asije Kathambi akasikia. Akaniapisha nisimwambie. Alisema yeye ni mzee, kufa kwa njaa si kitu, ilimradi asimzike mwingine. Makandi alikuwa bado hajakauka kaburini.

Mimi hufundisha sayansi. Huwaambia watoto kwamba ugonjwa una kiini na kiini kina jina. Lakini nilipoinuka kwenda kumwita mama, nywele zilinisimama. Niliwaza, na kama ni kweli? Kama mimi ndiye ninayekionyesha njia? Nilisimama pale mlangoni nikiwa naogopa kama mtoto. Kisha nikamsikia mama huko nje akikohoa na kutupa nyasi, nikaenda nikamshika mkono, nikamleta mbele ya kitanda, nikasema yote. Nyanya alijifunika uso kwa blanketi.

Mama alisikiliza akiwa amesimama, panga la nyasi bado mkononi. Nilidhani atakasirika. Alipofungua kinywa, aliuliza jambo moja tu, kama ule ugali aliopewa mbwa ulikuwa kwa sababu hii. Blanketi likatikisika kuitikia. Mama akaketi sakafuni, na hapo ndipo nilipomwona akilia, mara ya kwanza.

Halafu akanawa mikono, akaenda jikoni. Alimenya viazi, akachemsha na mboga za malenge, akaponda mpaka vikalainika, akatia maziwa. Hakutaka nimsaidie hata kuchochea moto. Alirudi na bakuli na kijiko, akaketi kitandani. Nyanya akafunga midomo, akatikisa kichwa.

"Makandi hakulaaniwa na mtu, Mami, na tumemzika," mama alisema. "Mimi nimelaaniwa kabla sijazaliwa, na bado ninachota maji. Fungua mdomo."

"Na ukifa?"

"Nikifa, nitakuwa nimekulisha."

Nyanya alifungua mdomo. Kijiko cha kwanza alikaa nacho mdomoni bila kumeza, akimkodolea mama macho, kana kwamba ataanguka hapo hapo. Alipomeza, alimshika mama mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Bakuli lilikwisha.

Ungedhani hofu iliishia hapo. Ndiyo kwanza ikaanza. Nyanya sasa alimlinda mama kama yai. Mama asipande bodaboda. Asikate kuni, shoka ni baya. Asiende zizini wakati fahali yuko nje. Mama akikawia sokoni, nyanya aliwatuma watoto wa jirani mmoja baada ya mwingine. Alikula, lakini kila mlo alikula kama anayeweka saini jambo asiloweza kulifuta, na akishamaliza alikaa akisikiliza hatua za mama uani.

Kisha, mwezi wa Julai, mama akaugua. Alianza na kifua, ikawa homa, ikawa hawezi kusimama. Nilipigiwa simu na jirani, na nilipoisikia habari hiyo nilikaa chini katikati ya somo, mbele ya darasa. Nilijua vizuri kwamba Ruiri mwezi wa Julai ni baridi na kila mtu anakohoa. Nilijua, na haikunisaidia. Nilifika nikamkuta mama amelazwa kwenye zahanati, na nyumbani nyanya ametia kidole kooni akijitapisha vyakula ambavyo vilikuwa vimeshakuwa damu yake. Alikuwa akimwomba Wambura. Hakumwomba Mungu siku hizo, alimwomba mama yake, kwa Kimbeere cha utotoni, amchukue yeye.

Sindano zilimsaidia mama. Alirudi nyumbani amekonda, akatazama nyanya alivyojifanyia, akamwambia kwa ukali kwamba homa ya mapafu haina habari na uji wa mtu. Akapika. Nyanya akala tena, ila sasa alitaka mama aketi mbele yake mpaka chakula kishuke.

Tulikwenda hivyo hadi likizo ya Agosti. Nilikuwa naye asubuhi ile, nimemaliza kumpangusa uso. Mama alikuwa amemlisha uji na kutoka kwenda kukamua. Nyanya alikuwa amelala chali, pumzi zake fupi, zenye mwanya mrefu katikati. Nilijua, na yeye alijua. Aliniuliza kama mama yuko.

"Yuko, Cucu. Anakamua."

"Mwite nimsikie."

Niliinuka nikaenda dirishani, nikamwita. Kutoka zizini mama akaitikia kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa kazini, akauliza ninataka nini, sioni kwamba ng'ombe anarusha mateke. Niligeuka kumtazama nyanya. Alikuwa ameisikia. Uso wake ulikuwa umelegea, wote, kwa namna ambayo sikuwahi kuuona katika maisha yangu, na macho yalikuwa yameelekea dirishani.

Nilimshika mkono mpaka nikawa na hakika. Kisha nikayafumba yale macho. Huko nje maziwa yalikuwa bado yanalia ndani ya ndoo, nikamwacha mama amalize kukamua.